Perseze Tuliyoichagua na Baba Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, si ile niliyoolewa, wala ile niliyopata mtoto wa kwanza. Ni siku niliyosimama ndani ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa hapa Bunia, nimeinua mashine ya kutobolea juu ya kichwa kama mtu anayepandisha bendera, huku baba mkwe wangu akiongea na mwenye duka habari za mvua na kahawa, kana kwamba amenisahau kabisa.

Cheka tu. Mimi mwenyewe nacheka leo. Lakini nimesikia umepata kijumba chako, na umeniletea simu yako unionyeshe picha za perseze, ndivyo tunavyoiita hapa kwetu mashine hiyo, kwa Kifaransa tulichokikunja kidogo kiingie mdomoni. Unataka ile ya batri, isiyo na waya, ya bei inayolingana na mfuko wako, upige rafu zako na kufunga pazia zako mwenyewe. Nimefurahi. Nyumba humpenda mtu anayeitengeneza kwa mkono wake. Ila umeniuliza ipi ni nzuri, na mimi majina ya viwanda siyajui. Ninachojua ni namna ya kuchagua, na aliyenifundisha alikuwa mtu wa maneno machache. Kaa, nikueleze.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Rwambuzi, hapa Bunia, mimi na mume wangu Floribert, katika nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo. Vyumba vya mbele vilikuwa vya matofali ya kuchoma, na sehemu ya nyuma ya matofali mabichi ya udongo, kwa sababu mfuko ulichoka kabla ya nyumba kwisha. Floribert alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akienda Mahagi kuchukua maharagwe na mihogo, na mvua ikinyesha sana, barabara ilimshika huko mpaka nisahau sauti ya honi yake. Watoto wetu walikuwa wangali wadogo.

Baba yake, Muzee Ukumu, alikuwa seremala huko Mahagi. Watu walikuwa wakisema kwamba nusu ya mji inalala juu ya vitanda vyake na nusu nyingine inasali juu ya mabenchi yake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye viganja vipana kama majani ya ndizi. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kuume ukaning'inia, mguu wa kuume ukawa unaburuzwa, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama maji ya bomba mwezi wa jua. Mama mkwe alikuwa amekwisha kututangulia. Basi Floribert akamleta kwetu, amekaa mbele ya lori kama bwana mkubwa, na blanketi magotini.

Sasa, mwanangu, ninyi vijana wa leo mnasalimiana na wakwe zenu kwa kukumbatiana, na sisemi ni vibaya. Sisi hatukulelewa hivyo. Mke wa mwana hakumshika baba mkwe mkono. Hakukaa naye mkeka mmoja. Alipiga magoti akiweka chakula, akaondoka, akarudi kuchukua sahani. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na Muzee Ukumu alikuwa mtu wa heshima mpaka kwenye kucha. Lakini ugonjwa ukibisha hodi hauulizi desturi za nyumba.

Choo chetu kilikuwa nyuma ya nyumba. Ili kukifikia ulipaswa kutoka chumbani, kufuata ukumbi wa ndani, kupita mlango wa jikoni, kisha kushuka uwanjani ambako udongo unateleza. Asubuhi jirani yetu Papa Bahati alikuja kumsindikiza muzee. Huyu alikuwa mtu mwema aliyehamia kwetu na jamaa yake wakati walipoyakimbia makwao huko upande wa Bambu, naye alikuwa akibeba mizigo ya watu kwa moto, yaani pikipiki, ya miguu mitatu. Jioni alirudi tena. Katikati, mchana wote, tulibaki mimi na watoto na muzee.

Ndipo nikaanza kuona jambo la maji. Nilikuwa nikimwekea kikombe karibu naye, na nikirudi nakikuta kimejaa vilevile. Nikadhani maji yana harufu ya jerikeni, nikachemsha mengine. Nikapika chai. Nikakamua matunda ya marakuja, nikatia sukari. Alikuwa akionja kidogo kwa adabu, kisha anakisogeza kando. Midomo yake ikaanza kupasuka, na muuguzi aliyekuja kumwona akaniambia waziwazi kwamba mzee huyu anakauka, na kwamba asipokunywa, kiharusi hakitakuwa na haja ya kurudi mara ya pili.

Niliteseka nikijiuliza nimemkosea nini. Kisha mchana mmoja nikiwa jikoni nikasikia kishindo ukumbini. Nilimkuta chini, ameegemea ukuta, mguu umekunjwa vibaya. Hapakuwa na mwanaume karibu. Nikamshika kiunoni, nikamwinua, nikamfikisha chooni, nikamngoja nje, nikamrudisha. Njia yote hiyo hakunitazama. Aligeuza uso wake ukutani kama mtoto anayeadhibiwa. Nilipomketisha nikaona machozi yamesimama machoni, hayaanguki wala hayarudi.

Hapo nikaelewa. Hakuwa amekataa maji. Alikuwa amekataa kushikwa na mimi.

Jioni nilimpigia Floribert simu, nikamweleza. Nilimwambia kwamba baba anahitaji miti ya kushikilia, iliyofungwa ukutani kutoka mlango wake mpaka chooni, atembee peke yake kama mwanaume. Floribert akakubali, akasema atakuja na fundi akirudi. Lakini daraja lilikuwa limekatika huko njiani, na kurudi kwake kulikuwa kwa Mungu. Nikamwita fundi wa mtaani. Alikuja, akaangalia ukuta kwa jicho moja, akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Unawajua mafundi wa kesho, mwanangu. Hata Bunia ya leo bado wamo.

Muzee Ukumu alikuwa amekaa barazani akisikia yote. Fundi alipoondoka mara ya pili, aliniita. Nikapiga magoti karibu na kiti chake.

“Mama,” akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, “fundi iko mu nyumba hii. Macho iko yangu. Mikono iko yako. Siye wawili tutafanya ile kazi.”

Nilimwambia kwamba mimi sijawahi kushika hata nyundo, ila siku moja tu, kupigilia msumari mlango wa kibanda cha mbwa. Akasema hata yeye alizaliwa hajashika nyundo. Na kidole kimoja hakivunji chawa.

Papa Bahati alijua mtu mwenye perseze ya waya ambayo angetuazima. Muzee akatikisa kichwa. Umeme wetu ulikuwa ukija unapotaka na kuondoka bila kuaga, na kuburuza waya mpaka uwanjani ni kutafuta ajali. Tena kazi ya kwetu haikuwa ya siku moja, na nguo ya kuazima haistiri matako. Tutanunua yetu, akasema, ndogo ya batri. Akaongeza kwamba twende wote, kwa sababu zana hainunuliwi kwa kuagizia.

Basi Papa Bahati akakipakia kiti cha muzee juu ya moto yake ya miguu mitatu, akamkalisha, akamfunga kamba tumboni asiteleze. Mimi nikakaa pembeni, nimegeukia nyuma. Njiani watu walitusalimu. Muzee aliitikia kwa mkono wa kushoto, polepole, kama askofu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikuwa ametoka tangu afike kwetu, na upepo ulikuwa umemrudishia rangi ya uso.

Duka lilikuwa la Mama Kavira, mwanamke wa Kinande mwenye sauti ya chini na macho ya kupima. Aliposikia shida yetu alitoa perseze, akazipanga mezani. Kulikuwa na moja kubwa, ya manjano, ndani ya sanduku zuri linalofunguka kama kitabu, lenye vyuma vya kila namna vimelala kwenye vishimo vyao, vinang'aa. Juu ya sanduku namba kubwa ya nguvu ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu. Kulikuwa na nyingine ya katikati. Na kulikuwa na ndogo ya buluu, ndani ya boksi la karatasi lililokunjamana, haina sura ya kumfanya mtu ageuke njiani.

Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye ile ya manjano. Na nikuambie kwa nini. Si kwa ajili ya kung'aa tu. Nilimwangalia baba mkwe na vile viganja vyake, nikasema moyoni kwamba seremala wa Mahagi hawezi kukaa nyumba moja na kitoto cha perseze. Nilitaka kumpa heshima. Bei yake ilikuwa inatuuma kidogo, lakini tungejikaza.

Muzee akaniambia niinue juu ya kichwa, kama ninatoboa mahali pa juu, nikae hivyo. Nikainua. Kisha akamgeukia Mama Kavira, akamwuliza habari za kwao. Mvua zilikuwa nzuri? Kahawa ilikuwa imechanua? Mama Kavira, ambaye nadhani alikuwa amekwisha kumsoma, akajibu kwa utaratibu, akataja mashamba na barabara, akataja na ndoa ya mtoto wa dada yake. Mimi mkono ulianza kuwaka moto. Ncha ya mashine ikawa inachora duara hewani. Niliona aibu kushusha, maana baba mkwe hajasema.

Mwisho akanitazama, na sauti yake ilikuwa ya kukemea, ingawa haikupanda.

“Shusha, mama. Unaninunulia miye? Mukono yangu ilishakufa. Ukuta haitatobolewa na heshima. Kazi itafanywa na mukono yako weye. Nunua ile yenye mukono yako inaweza kubeba.”

Nikaishusha. Nilisikia uso unawaka, kisha, kwa namna nisiyoweza kueleza, nikasikia amani. Tangu aje kwetu nilikuwa nikimtendea kama mtu wa zamani, kama picha iliyoning'inizwa ukutani. Yeye alikuwa anataka kwenda chooni. Mambo mengine yote nilikuwa nimeyaongeza mimi.

Ile ndogo ya buluu nikaiinua, nikakaa nayo. Mkono ulinyamaza.

Lakini hakuinunua kwa sababu ni nyepesi tu, mwanangu, usije ukafikiri hivyo. Watu wa Bambu wanaochimba dhahabu watakuambia kwamba si kila king'aacho ni dhahabu, lakini hata kisichong'aa kinaweza kuwa jiwe tupu. Muzee aliishika kwa mkono wake mzima, akaitikisa karibu na sikio asikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Akaniambia niminye kitufe polepole, aone kama inaanza taratibu kama mtu anayeamka au inaruka kama mbuzi. Ilianza taratibu. Akamwomba Mama Kavira atie meshi, lile jino linalotoboa, abane mdomo wa mashine, aizungushe. Naye akaweka jicho pale kwenye ncha, muda mrefu, kama anayetazama ndege mbali. Ile ya katikati ilipozungushwa hivyo, ncha yake iliyumba. Akaisukuma kando. Ya buluu ilizunguka imetulia.

Kisha akauliza batri. Ya manjano ilikuja na batri moja, na Mama Kavira, Mungu ambariki kwa ukweli wake, akasema nyingine ya namna ile hajawahi kuiona hapa Bunia. Ikifa, sanduku zuri litabaki la kuwekea sindano. Ya buluu ilikuwa na batri mbili ndani ya lile boksi baya, na nyingine za aina yake zilikuwa rafuni nyuma yake. Moja ikifanya kazi, nyingine inachajiwa wakati umeme ukipita. Muzee akafurahi hapo kuliko pengine pote. Akamwambia Mama Kavira aiongezee chaji kidogo, tutoboe kipande cha ubao pale pale dukani, kwa sababu kizuri hakiogopi kujaribiwa. Tukatoboa. Ilikula ubao vizuri. Akanionyesha pete yenye namba shingoni mwa mashine, inayofanya skrubu ikifika mwisho mashine iachie yenyewe, kre-kre-kre, isivunje kichwa cha skrubu wala kifundo cha mkono wako.

Na kile tulichokiokoa kwa kuiacha ya manjano hakukirudisha mfukoni. Alinunua meshi nzuri, za ukuta mbali na za mbao mbali, na skrubu ndefu, na vile vijiti vya plastiki vinavyoingia kwanza tunduni ndipo skrubu ivibane. Alisema mashine ni punda tu, meshi ndilo jembe. Punda mkubwa mwenye jembe butu halimi shamba.

Tulirudi nyumbani na boksi magotini mwangu.

Kazi yenyewe tuliifanya kwa utaratibu wake. Papa Bahati alituletea miti iliyonyooka ya mikaratusi, na muzee akakaa barazani na msasa katika mkono wa kushoto, anapiga mti uliolazwa juu ya magoti yake, anapiga, anapapasa, anapiga tena, mpaka ukawa laini kama shavu. Nilikuwa nikimsikia akiimba chini chini. Mimi alinifanya nifunge vizuri ncha za kitenge changu, nivue kilemba kinachoning'inia, nivae miwani ya jua ya Floribert kwa ajili ya vumbi. Majirani walioingia wakanikuta ndani ya ukumbi nimevaa miwani ya jua na perseze mkononi, wakadhani nimechanganyikiwa.

Kabla ya kutoboa alinikutanisha na ukuta. Ndivyo alivyosema, kwamba nianze kwa kuzungumza nao. Nikagonga kwa kifundo cha kidole kutoka mbele mpaka nyuma, naye anasikiliza. Pale mbele ukuta ulijibu kwa sauti ngumu: tofali la kuchoma, hapo skrubu itakaa. Nyuma ulijibu kizito na kibubu: udongo, hapo hata ukitoboa vizuri namna gani, tundu litabomoka siku mtu atakapoegemea kwa uzito wake wote. Basi nyuma na uwanjani tukachimbia nguzo, mti tukaufunga juu ya nguzo. Mimi peke yangu ningetoboa udongo ule na kumwangusha mzee wa watu.

Tundu la kwanza nilisukuma kwa kifua chote. Mashine ikalia, meshi ikateleza juu ya lipu. Akaniambia nisipigane nayo, niiache ijilie ukuta yenyewe. Nikalegeza. Sauti ikabadilika, ikawa nene, vumbi jekundu likaanza kutoka.

“Sasa uko mu tofali,” akasema kutoka kitini kwake, bila kuona. “Endelea vile vile.”

Batri ilipochoka tuliweka nyingine. Zote zilipochoka tulikunywa chai na kungoja umeme, naye akanieleza habari za miti, ipi inacheka ikikatwa na ipi inalia. Sikuwahi kuzungumza naye vile tangu niolewe. Heshima haikuvunjika, mwanangu. Ilipata kazi ya kufanya, ndiyo tofauti.

Mti ulipokuwa tayari wote, kutoka mlango wake mpaka chooni, alisimama. Mimi nikajificha jikoni, nikachungulia. Aliweka mkono wa kushoto juu ya mti, akavuta mguu, akasonga. Akasimama, akasonga. Akapita ukumbi, akapita mlango, akashuka uwanjani, akafika, akafunga mlango wa choo nyuma yake kwa kishindo cha mtu mwenye nyumba. Nilifunika uso wangu kwa kitenge nikalia.

Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka. Akageuka arudi. Akasimama.

Mti ulikuwa upande wake wa kuume.

Sisi wawili, pamoja na macho yake yote na mikono yangu yote, tulikuwa tumepima njia ya kwenda tu. Kurudi, mti ulikuwa kwenye mkono uliokufa. Nikatoka jikoni, nikasimama mbele yake. Muzee akautazama mti, akautazama mkono wake, akanitazama mimi na ile miwani ya jua iliyokuwa bado kichwani mwangu. Halafu akaanza kucheka. Kicheko chake kilikuwa cha upande mmoja wa mdomo, lakini kilitoka tumboni, kikamtikisa mpaka ikabidi ashike mlango wa choo. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka. Nami nikacheka, watoto wakaja mbio, wakacheka bila kujua sababu.

“Lete kiti hapa,” akasema alipopata pumzi. “Miye nitakaa hapa hapa uwanjani. Weye uanze upande ya pili.”

Nami nikaanza. Papa Bahati akaleta miti mingine, muzee akaipiga msasa, na mashine ya buluu ikafanya kazi yote upya, upande wa pili, haikulalamika. Mimi nilikuwa nimekwisha kuijua. Matundu ya upande ule yamenyooka kuliko ya kwanza. Ukienda nyumba ile leo utayaona.

Siku tuliyomaliza nilimwekea kikombe cha maji, nikaenda zangu kufua. Nikamsikia akiniita. Nilidhani ameanguka. Alikuwa amekaa barazani, kikombe kitupu mkononi, anakinyoosha kwangu. Alitaka kingine.

Floribert aliporudi, barabara ilipofunguka, alimkuta baba yake anamlaki mlangoni amesimama. Aliuliza ni fundi gani amefanya kazi ile. Muzee akamwambia fundi yuko jikoni anasonga bugali, amngoje kidogo. Aliishi nasi miaka mingine mizuri, akinywa chai na marakuja bila kuhesabu vikombe, na perseze ile ilipiga rafu za jikoni, mlango wa kuku, na kiti cha watoto cha kubembea, nami ndiye niliyeishika. Batri zake zilikufa, tukanunua nyingine kwa Mama Kavira, zikafa nazo, na mwisho mashine yenyewe ikapumzika. Haikuwa ya milele. Ilikuwa ya kutosha.

Basi sikiliza nasaha yangu, mwanangu, kisha uende dukani. Kabla hujatazama mashine, tazama nyumba yako: una ukuta gani, na unataka kufunga nini, na ni mkono wa nani utakaoinua. Mtu wa kufunga pazia na rafu hahitaji nguvu ya kubomoa daraja. Batri za siku hizi ni nyepesi na zinakaa na moto kuliko za kwetu, lakini swali la muzee halijazeeka: ikifa, nitapata nyingine mji huu huu? Namba zilizoandikwa juu ya boksi usizidharau, ila usizisujudie. Ishike, iinue, ongea na mwenye duka mpaka uchoke. Zungusha ncha uione ikitulia. Toboa ubao mbele ya macho yako, na anayekukatalia kujaribu, muage. Bakiza cha kununulia meshi nzuri. Vaa kitu machoni, funga nguo zako. Na ukishatoboa tundu la kwenda, ukumbuke na njia ya kurudi.

Lakini kubwa kuliko hayo ni hili. Mtu unayempenda, usimpe kile unachodhani kinamfaa kwa sifa zake za jana. Muulize leo anataka kufika wapi, kisha umtengenezee njia afike mwenyewe. Heshima ya namna hiyo haimfanyi mtu ageuze uso ukutani.

Nenda sasa, soko lisije likafungwa. Mungu aibariki mikono yako miwili, akujalie kuta zinazoshika na milango isiyokwama. Nyumba yako iwe na wazee wanaocheka na watoto wanaouliza sababu. Vumbi la kazi yako liwe jepesi, na wote watakaoegemea ulichokifunga wasianguke.